Kibanda cha Upande wa Utah

Kwa miaka thelathini na moja Nanabah Ahkeah aliuza mikate ya kukaanga pale majimbo manne yanapogusana. Wageni walitoka kila upande wa Marekani na ng'ambo, wakalipa langoni, wakapanga foleni juani. Zamu ya mtu ikifika, aliinama juu ya sahani ya shaba ya mpaka kama ng'ombe anayekunywa maji, mkono huu Arizona, mkono ule New Mexico, goti moja Colorado, jingine Utah. Picha ikapigwa, akainuka akijipangusa vumbi na kucheka. Kisha njaa iliwaleta vibandani.

Vibanda vilizunguka mnara pande zote nne. Kwao Nanabah ni Teec Nos Pos, upande wa Arizona, na ndugu zake wote wanaouza pale walijibanza upande huo. Yeye peke yake aliomba kibanda cha upande wa Utah, kule upepo unakogonga moja kwa moja, na mchanga unaingia kwenye unga hata ukiufunika kwa mataulo mawili.

"Ipo siku huo upepo utakung'oa na kibanda chako, tukuokote Mexico," Verna alimwambia mara nyingi. Verna alikuwa Myute wa Towaoc, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi, aliyeuza shanga upande wa Colorado. Wayute na Wanavajo walipigana sana zamani, na siku hizi imebaki utani tu.

"Huu upepo ni wenu," Nanabah alimjibu. "Ndiyo maana una kelele nyingi na hauna kazi."

"Ah! Leo umekubali kuna kitu si cha Wanavajo? Niandike tarehe."

Walicheka, wakabadilishana kahawa kwa soda. Lakini Verna alijua sababu. Nanabah alimweleza mwaka wa tatu wa urafiki wao, mara moja tu, na hakurudia. Alikuwa na mdogo wake aliyechukuliwa kupelekwa Utah. Watu wote wa Utah, aliwaza, siku moja watapita hapa kupiga picha ya kuinama, na wakija kutafuta jimbo lao watakuja upande huu.

Mdogo wake aliitwa Dolii, jina la ndege mdogo wa bluu. Mwaka 1966 Dolii alikuwa na miaka minane na Nanabah kumi. Baba yao alikuwa mbali, akitandika reli, na mama yao alifuma mazulia na kuchunga kondoo arobaini. Mwezi Agosti walikuja watu wa kanisa fulani kuwaambia wazazi kwamba kuna familia nzuri huko kaskazini mwa Utah, familia zenye shule karibu na maziwa kwenye friji, zitakazowapokea watoto kwa miezi ya masomo na kuwarudisha kila kiangazi. Mama yao alifikiri siku nne. Nanabah alikuwa anasoma tayari shule ya karibu na alihitajika kwa kondoo, kwa hiyo akaenda Dolii.

Basi liliwachukua watoto mbele ya duka. Kila mmoja alining'inizwa shingoni kadi yenye jina na namba. Dolii aliifumbata kadi yake ili isionekane.

Kiangazi cha kwanza alirudi na viatu vyeusi vinavyong'aa na nywele zimekatwa hadi masikioni. Mama yao aliziona zile nywele, akatoka nje akakaa na kondoo mpaka jua lilipozama. Kiangazi cha pili Dolii alirudi akisema Kinavajo kama mtu anayetembea gizani, anapapasa neno, analikosa, anatumia la Kiingereza. Usiku alilala amemkumbatia dada yake kwa nguvu hata Nanabah akashindwa kugeuka.

Kiangazi cha tatu hakurudi. Badala yake lilikuja gari la rangi ya maziwa, wakashuka mzungu na mkewe, waliovaa kama wanaokwenda harusini. Walileta sanduku la machungwa na gunia la unga. Walileta pia karatasi.

Mama yao hakujua Kiingereza. Nanabah, miaka kumi na mitatu, ndiye alikuwa msomi wa nyumba, na mama yake alikuwa akimsifia hata kwa wageni. Alipewa karatasi aisome. Kulikuwa na neno moja refu lililorudiwa mara tano au sita, na hakulijua. Yule mzungu alimtazama akitabasamu, akingoja. Mama yake naye alimtazama, akingoja kwa fahari.

"Wanasemaje?" mama yake aliuliza.

Nanabah aliona aibu kusema hajui. "Wanasema watamtunza kama mtoto wao," alisema, kwa sababu hilo ndilo yule mama wa kizungu alilolisema kwa mdomo. "Ni ya shule. Kama miaka ile mingine."

"Basi mwambie asante," mama yake alisema, akabonyeza kidole gumba kwenye wino.

Septemba, Nanabah alilitafuta lile neno kwenye kamusi ya shule. Lilikuwa kuasili. Kamusi ilieleza kwa mistari miwili: kumchukua mtoto wa mwingine na kumfanya wako kwa sheria, moja kwa moja. Aliifunga kamusi, akaenda kucheza mpira na wenzake, akacheza vibaya.

Hakumwambia mama yake. Kiangazi kilichofuata mama alitazama barabara, na kilichofuata, na kilichofuata. Barua zilizoandikwa na Nanabah zilirudi zimepigwa mhuri. Baadaye mama aliacha kutazama barabara akaanza kusema kwamba huyo mtoto amewasahau kwa sababu ya friji. Alifariki majira ya baridi ya mwaka 1991 akiwa bado anasema hivyo, na Nanabah, ambaye wakati huo alikuwa na watoto wawili wa kiume na mume aliyekwisha kuondoka, alikuwa ameketi pembeni yake, akimlisha uji wa mahindi ya bluu kwa kijiko, na hata hapo hakusema.

Alichofanya ni kuuza mikate. Alianza mwaka 1985. Kila mwanamke wa rangi yake aliyesimama mbele ya kibanda akiongea Kiingereza cha kaskazini, Nanabah alimtazama masikio, kwa sababu Dolii alikuwa na sikio la kushoto lililokunjika juu kidogo. Wengine waliona haya, wakajishika nywele.

Ikafika Oktoba ya mwaka 2016. Msimu ulikuwa unaisha na siku ile upepo ulifukuza hata wale wachache waliokuja. Nanabah alikuwa na mkate mmoja kwenye mafuta, wa kwake mwenyewe, alipokuja mwanamke kijana, miaka ishirini na kitu, nywele za rangi ya mchanga mbichi, koti jembamba lisilofaa upepo ule. Hakutazama bei. Alimtazama Nanabah.

"Samahani. Wewe ndiye Nanabah?"

"Ndimi. Unataka na asali au na chumvi?"

"Naitwa Janelle. Mama yangu aliitwa Diane." Alikaza koti mwilini. "Lakini zamani, kabla ya hapo, aliitwa Dolii."

Mkate ukaanza kuungua. Nanabah aliusikia na hakuugeuza. Alimtazama yule binti masikio, yalikuwa ya kizungu, madogo, yamelala vizuri. Halafu akamtazama mdomo na hakuhitaji kutazama tena.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Yuko garini?"

Janelle alifungua kinywa. "Ndiyo," alisema. "Yaani... ndiyo, yuko garini, lakini..."

Nanabah alikuwa tayari amevua aproni. Alijipangusa unga mikononi, akajishika nywele kuona kama fundo limekaa sawa, akatoka kibandani akitembea haraka kuelekea magari yalikoegeshwa. Alikuwa na miaka sitini na goti bovu, lakini Verna, aliyekuwa akitazama toka upande wa pili, alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona akitembea vile.

Janelle alimkimbilia, akampita, akasimama mbele yake amenyoosha mikono. "Subiri. Tafadhali. Samahani, nimesema vibaya. Amefariki. Mwezi wa nane. Alikuwa na saratani. Aliomba achomwe. Ni... niko na majivu yake."

Nanabah alisimama. Mbele yake palikuwa na magari sita. Hakuuliza ni lipi. Wadine, yaani Wanavajo, hawasogelei maiti, hawayasemi sana mambo hayo, na wakilazimika huyasema kwa mbali. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa chini palepale kwenye changarawe.

Verna alikuja mbio na shali. "Nini? Huyu nani? Amekufanya nini?"

"Ni mwanangu," Nanabah alisema.

Walikaa nyuma ya kibanda, mahali pasipo na upepo sana. Verna alizima jiko, akatupa ule mkate mweusi, akaleta kahawa, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akaenda zake bila kuambiwa. Janelle alieleza. Mama yake alikuwa fundi wa meno katika mji wa kaskazini, akaolewa, akamzaa yeye peke yake. Hakuongea habari za utotoni. Alipougua ndipo akaanza, kidogokidogo, na Kinavajo kilichobaki kilikuwa maneno tisa. Janelle aliyahesabu: kondoo, maji, njoo, baridi, mama, mengine ya namna hiyo.

"Nilishawahi kuja hapa, shangazi," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Mwaka tisini na nne."

Nanabah aliinua uso. "Na nani?"

"Na yeye. Na baba. Mama alinipiga picha pale katikati. Halafu tukaja kununua mikate kwako, miwili. Na mkufu wa mbegu za mreteni, ule uliokuwa ukiuza wakati ule. Mama alikuuliza kama wewe ni wa hapahapa. Ukasema ndiyo, ni wa hapahapa, na mikate ni ya moto. Kisha mwanamke mwingine akakuita kwa jina toka upande wa pili, kwa sauti kubwa. Mama akasimama tu. Baba akamwambia twende, foleni ndefu. Tulipofika garini alilia mpaka Moab. Nilifikiri mkate umemwumiza tumbo."

"Kwa nini hakusema?" Nanabah aliuliza. "Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa hapa kwa ajili hiyo!"

"Alisema, niseme nini, na kwa lugha gani? Alisema ninyi ndio mliomtoa, na mtu aliyetolewa harudi mwenyewe kugonga mlango."

Nanabah alifumba macho, akautafuta mwaka ule. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mume mzungu, mtoto wa nywele za mchanga. Alitafuta sikio, alitafuta sauti. Hakukuwa na kitu. Kiangazi kimoja walipita watu maelfu, na huyu mmoja alipita kati yao, Nanabah akampa mikate, akampa chenji, akamwambia safari njema kama alivyomwambia kila mtu. Hilo lilimchoma kuliko kifo chenyewe. Angalau angekumbuka.

"Kwa nini bibi alimtoa?" Janelle aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, ila ilionekana ndilo swali lililomwendesha saa nane barabarani. "Mama aliniomba niulize. Kama ilikuwa kondoo, au njaa, au nini."

Nanabah angeweza kusema ni njaa. Binti angeamini. Alikaa na kikombe mikononi mpaka kahawa ikapoa, kisha akamweleza yote, gari la rangi ya maziwa, machungwa, karatasi, lile neno. "Bibi yako hakumtoa mtu," alisema. "Bibi yako aliweka dole kwenye karatasi ya shule. Mimi ndiye niliyemwambia ni ya shule. Sikujua, nikaona aibu kusema sijui."

Janelle aliinuka, akaenda kukaa kwenye gari lake. Nanabah aliona kichwa chake kupitia kioo, hakisogei. Wageni wawili walikuja kuuliza mikate, akawaambia imekwisha. Ilipita karibu saa nzima. Binti aliporudi, pua ilikuwa nyekundu.

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema. "Ulikuwa mtoto."

"Siku ile, ndiyo. Na Septemba, nilipojua, ndiyo. Lakini mama yangu aliishi miaka ishirini na miwili mingine, Janelle. Kila kiangazi nilikuwa mkubwa zaidi, na kila kiangazi nilinyamaza. Usinipe hiyo ya utoto. Haitoshi."

Binti hakumkumbatia wala hakuondoka. Alikaa tu karibu yake, mabega hayagusani, na Nanabah alimshukuru kwa hilo.

Baadaye Janelle akasema alichokusudia. Mama yake aliomba apelekwe nyumbani, na yeye, akiwa hajui nyumbani ni wapi, alifikiri amwage majivu hapo kwenye mnara lango likifungwa.

"Hapa?" Nanabah alishtuka. "Hapa watu wanakanyaga, wanamwaga soda. Hapa si nyumbani kwa mtu, mwanangu. Hapa Wazungu walipiga hesabu zao za mipaka, basi. Kwao ni kule kitovu chake kilikozikwa. Nilikuwepo. Mama alikizika zizini, ili awe mtu wa kondoo."

"Nipeleke, shangazi."

"Na usiniite shangazi. Shangazi ni dada wa baba. Mimi ni mama yako mkubwa."

Verna alimvuta Nanabah kando. Hakukuwa na mzaha usoni. "Nana, mambo hayo ninyi mnayaogopa kuliko sisi. Utaugua. Wanao wakijua watakugombeza. Mwache binti aende mwenyewe, wewe umwonyeshe kwa kidole."

"Mdogo wangu nilimwacha aende mwenyewe maisha yake yote," Nanabah alisema. "Nisaidie kufunga kibanda."

Nyumba ya mama yao ilikuwa imebomoka, na zizini zilibaki nguzo sita za mreteni. Janelle alibeba sanduku, akachimba kwa koleo la Nanabah. Ardhi ya Oktoba ilikuwa ngumu kama tofali. Nanabah alisimama hatua kumi, amegeuza mgongo, kama alivyofundishwa. Alisikia koleo likigonga, likigonga, na binti akihema, na baada ya muda akamsikia akilia kwa hasira kwa sababu shimo halifiki hata magotini.

Nanabah akageuka. Midomo yake ilisema dua aliyoikumbuka nusu. Alimpokonya binti koleo, akachimba mwenyewe mpaka shimo likafika magotini. Sanduku lilipokwisha kufukiwa, alivunja mpini wa koleo juu ya jiwe, lisitumike tena, akaviacha vipande palepale.

"Usitazame nyuma," alimwambia Janelle. "Na usilitaje jina lake mpaka siku nne ziishe."

Siku nne hizo walikaa nyumbani kwa Nanabah. Walijifukiza moshi wa mreteni, wakala mchuzi wa kondoo, wakasema machache. Asubuhi ya siku ya nne Nanabah aliponda mzizi wa yuka ndani ya beseni mpaka ukatoa povu, akamwosha binti nywele, na alipokuwa akimwosha alimwambia ukoo wake. "Wewe ni Maji Machungu. Kwa mama. Ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo hakuna karatasi iliyokutoa wewe. Sema." Binti alisema, vibaya. Wakarudia mpaka maji yakapoa.

Kisha Janelle akaondoka. Alikuwa na kazi, na mume, na nyumba ya mkopo. Alipiga simu Jumapili mbili mfululizo, halafu moja ikapita, halafu mbili. Nyumbani kwa Nanabah mtandao haufiki. Ilimbidi apande kilima kidogo chenye tangi la maji na kusimama upande wa mashariki, simu imeinuliwa.

Machi, vibanda vilipofunguliwa, yeye hakwenda. Aprili hakwenda. Mei Verna alikuja na gari lake bovu, akamkuta ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Wamempa kibanda chako mwanamke wa Red Mesa," Verna alisema. "Mikate yake ngumu, unaweza kuvaa miguuni. Rudi, bwana, kabla hajaua mtalii."

Nanabah alitabasamu kidogo. "Mwache. Ana watoto shuleni."

"Na wewe je? Utakaa hapa uhesabu maharage?"

"Kule nilikuwa na kazi," Nanabah alisema. "Nilikuwa natazama watu. Sasa nikitazama nitakuwa namtazama nani?"

Verna alivuta kiti, akaanza naye kuchambua. Ilikuwa Jumapili. Adhuhuri ilipofika Nanabah aliinuka, akachukua simu, na Verna akamfuata akihema mpaka juu kwenye tangi. Simu ililia mara saba, ikakatika.

"Atakuwa kazini," Verna alisema.

"Jumapili?"

"Watu wengine wana kazi Jumapili."

Nanabah alipiga tena. Safari hii Janelle alipokea, nyuma yake kukiwa na kelele za vyombo na watu wakicheka. Alisema, mama mkubwa, niko mezani na wageni, nitakupigia jioni. Nanabah akasema sawa, mwanangu, kula kwanza. Waliteremka kilima taratibu kwa sababu ya lile goti, Verna akimshika kiwiko, na jioni Nanabah akapanda tena peke yake.